Sahani Sita za Rodi Kopany

Mimi nina ugonjwa wa vyombo vya zamani. Nasema ugonjwa kwa sababu mume wangu ndivyo alivyouita, na baada ya kubishana miaka kadhaa nilichoka nikakubali. Wanawake wenzangu wa Migori, miaka ile ya tisini, walikuwa wanakimbilia plastiki: sahani za plastiki, majagi ya plastiki, vikombe vyenye harufu ya sabuni hata ukivijaza maji ya kisima. Mimi nilitaka sahani nzito ya enameli, ile ukiitua mezani inasema ngo! na watu wanajua chakula kimefika. Nilitaka pasi ya makaa yenye kijogoo cha kufungia pale mbele. Nilitaka kanderinya iliyochemsha maji tangu kabla sijazaliwa. Kitu kipya sikukiamini, sikujua kitavunjika siku gani.

Mume wangu ni Mkuria, mimi Mjaluo wa upande wa Homa Bay, kwa hiyo nyumbani tuligombana kwa Kiswahili. Nikiingia na kifurushi anauliza bila kuinua macho, "Leo umetuletea mzigo wa marehemu gani?" Namjibu, "Na hilo shati lako la mtumba, lilivuliwa na malaika?" Basi anacheka, nami napata nafasi ya kukificha kifurushi kabatini kabla hajauliza bei.

Kuwinda vyombo kuna maarifa yake. Watu wa misheni wakihama, hufiki siku ya mnada, unafika siku mbili kabla, unasaidia kufagia. Mfanyabiashara mmoja mzee, Mwislamu, alipofunga duka lake Homa Bay, nilikaa naye stoo asubuhi nzima nikimsikiliza akiwalalamikia wanawe, na mwishowe akanitolea chemni za taa zilizofungwa kwenye nyasi kavu, hazijawahi kuona moto. Kule Kisegi, kando ya ziwa, nilipata beseni pana ambalo mwenyewe alikuwa akibebea omena, wale dagaa wetu. Nililisugua kwa majivu wiki nzima, na bado paka wa mtaa mzima walikuja kulisalimia. Sufuria unaiinua juu ukalitafuta jua kupitia chini yake, maana wauzaji wanaziba tundu kwa kipande cha sabuni. Ukifika nyumbani sabuni inayeyuka, moto unazimika, na wewe unabaki unaugombeza ukuta. Sahani unaigonga kwa kucha na kusikiliza. Mikwaruzo sikuijali hata kidogo. Wengine walipoona mkwaruzo walishusha bei, mimi nilifurahi tu, kwa sababu nilijua chombo kimefanya kazi katika nyumba ya watu.

Soko langu hasa lilikuwa Rodi Kopany, na sababu yake haikuwa vyombo. Mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa. Boma letu liko upande wa Homa Bay, na kila Jumamosi ya pili nilitoka Migori kwenda kumwona, nikishuka Rodi kumnunulia ndizi na maziwa. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani ikasema tumlishe vizuri. Sote tulielewa maana yake, na hakuna aliyethubutu kuitamka. Kwetu mambo ya matanga ya mtu aliye hai hayasemwi. Ukiyasema ni kama unayaita. Kwa hiyo nilishuka Rodi, nikainama juu ya vyombo vikuukuu, nikagonga sahani kwa kucha, ili nikifika kwa mama uso wangu uwe wa mtu aliyetoka sokoni, si wa mtu aliyekuwa akilia.

Pale palikuwa na mzee aliyetandaza gunia karibu na wauza kamba. Siku hiyo alikuwa na sahani sita za enameli, nyeupe, ukingo wa bluu, na ua dogo jekundu katikati. Niliziona kutoka mbali moyo ukapiga. Niligonga zote sita. Zilikuwa nzima. Chini ya ukingo kila moja ilikuwa na mikwaruzo mitatu mifupi, imekaa pamoja, na mimi, mjinga mwenye macho mawili, nikaipitishia kidole nikasema moyoni, hizi zimeishi. Nilizinunua bila hata kupigania bei sana.

Sasa niseme juu ya kikundi, kwa sababu bila kikundi hutaelewa kwa nini sahani sita zilininyima usingizi. Tulikuwa wanawake ishirini na kitu pale Migori mjini: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, na akina mama wawili Waislamu wenye maduka. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Kazi yetu kubwa ilikuwa matanga. Mmoja akifiwa, kikundi kinakuja na sufuria kubwa, sahani, kuni, unga, na mikono. Tunapika, tunagawa, tunaosha, mfiwa analia tu. Miaka ile watu walikuwa wanakufa sana, vijana kwa wazee, na ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina. Kuzika bila kikundi ilikuwa aibu isiyosemeka. Waombolezaji wanakaa na njaa mpaka jioni, na maneno ya aibu hiyo yanabaki kijijini hata kaburi likiota nyasi.

Na mimi nilikuwa na mama kitandani. Kila mchango nilitoa, kila matanga nilihudhuria, sikukosa mkutano hata mmoja. Sikumwambia mtu ni kwa nini, lakini walijua.

Katika kikundi alikuwemo jirani yangu. Tulitenganishwa na ukuta mmoja, nikikohoa yeye ananiambia pole. Alikuwa mjane, mwanamke mwembamba mwenye pengo la meno mawili ya mbele, na kila akiongea aliziba mdomo kwa mkono wa kushoto, hata akisema neno moja tu. Mume wake alikufa mwaka uliotangulia, na kikundi kilimpikia. Vyombo vilioshwa kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mfereji wa maji uani. Baada ya matanga yale sahani nane za kikundi hazikuonekana. Yalisemwa maneno, yakapoa, mambo yakaendelea. Hata zilivyokuwa sikukumbuka, kwani siku ile kulikuwa na sahani za kila aina zilizoazimwa mtaani.

Basi ikafika zamu yangu kukaribisha mkutano. Nilipika wali na samaki wa nazi, ndiyo, nazi, nilikuwa nimefundishwa na mmoja wa wale akina mama Waislamu na nilitaka aone kwamba mwanafunzi wake si zuzu. Sahani zangu za ukingo wa bluu nikawawekea viongozi na wageni wa heshima. Watu walikula, wakasifu, jirani yangu alikuwa pembeni ameshika sahani ya kawaida, hakula sana. Mama mwenyekiti alimaliza kwanza. Alilamba kidole, akaishika sahani yake, akaigeuza.

Aliisogeza karibu na macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, hizi sahani umetoa wapi?"

Waliniita mwalimu kwa sababu nilifundisha watoto wa nasari. "Rodi Kopany," nikasema, nikiwa bado natabasamu. "Nzuri, eh? Siku hizi hazipatikani."

"Rodi."

"Ndiyo, sokoni."

Akapitisha kidole chini ya ukingo. "Hii alama niliweka mimi. Na msumari. Tulikuwa wanawake watano tu tukianza hiki kikundi, hata rangi ya kucha ya kupaka alama hatukuwa nayo. Mistari mitatu." Akawatazama wengine. "Geuzeni zenu."

Yawa! Wakageuza. Mmoja hakuwa amemaliza, wali ukamwagika mapajani mwake na hakuufuta. Ilikuwa mistari mitatu kila sahani. Sisi wapya tulizoea alama ya rangi nyekundu iliyopakwa kwenye sahani za baadaye, hakuna aliyetuambia habari ya msumari. Nilisikia masikio yangu yanawaka moto.

"Mnasema nimeiba?" nikasema. "Mimi? Niibe sahani, halafu niwapakulie ninyi wenyewe chakula ndani yake? Kwani nina wazimu?"

"Hakuna amesema umeiba," akajibu mama mwenyekiti. "Lakini vyombo vilioshwa kwako. Na sisi wote tunajua vile wewe hupenda vyombo."

Maneno hayo ya pili yalinichoma kuliko kama angenitukana. Kitu nilichokipenda mbele ya watu wote, nikikionyesha kila mgeni anayeingia, ndicho kilichokuwa shahidi dhidi yangu. Nikaanza kupayuka. Nilisema mengi, mengine sitaki kuyakumbuka. Mama mwenyekiti aliningoja nimalize, akasema mkutano ujao, baada ya wiki mbili, nilete jina la aliyeuza. Sahani zenyewe si neno, akasema, kikundi kinaweza kununua sahani. Kikundi kinataka kujua kinakula na nani.

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni alinishika bega. "Na mama anaendeleaje?" akauliza.

Aliuliza kwa upole, haki ya Mungu, kwa upole. Nikamwelewa vizuri sana. Nikifukuzwa kama mwizi, mama yangu atazikwa na watu wenye njaa.

Usiku ule sikulala, wala kesho yake. Mume wangu alitaka kwenda kumwona mama mwenyekiti amweleze yeye, kama mwanamume, nikamkataza. Ningeonekana nimejificha nyuma ya suruali. Jirani yangu hakuja kuomba chumvi wiki ile yote. Nilidhani naye ananiona mwizi, na hilo lilinikasirisha. Wewe tunayeshare ukuta, nikasema peke yangu nikikatakata sukuma wiki, hata wewe?

Jumamosi nilikuwa Rodi kabla wauzaji hawajamaliza kutandaza. Mzee alikuwepo na gunia lake. Nikamwamkia kwa heshima, kwa Kijaluo, nikamuuliza zile sahani zenye ua alizitoa kwa nani.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "mimi sinunui jina. Nanunua chombo."

Nikambembeleza. Akaendelea kufuta taa yake kwa kitambaa. Nikamwambia natuhumiwa wizi. Akasema pole. Nikamwambia nina mama mgonjwa hapo mbele. Akasema pole sana, akageuka kumhudumia mteja. Hapo hasira yangu ikanipanda hadi kichwani. Nikavuta jiwe, nikaketi kando ya gunia lake. Mtu akiinama kushika chombo, namuuliza kwa sauti ya darasani, "Mama, umeuliza hicho kimetoka wapi? Uliza, maana mimi nilinunua hapa nikaitwa mwizi." Wa kwanza akaondoka. Wa pili akaondoka. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameshatoa pesa ya pasi akairudisha mfukoni. Mzee aliniangalia kama anayeangalia mbuzi aliyeingia kanisani.

"Kwani wewe utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka soko lifungwe. Na Jumamosi ijayo nitakuja na chakula."

Akatema mate kando, akakubali kushindwa. Alisema ni mwanamke, alitoka huko huko kwetu Migori. Alileta sahani nane ndani ya mfuko wa unga, mbili zikanunuliwa na mtu mwingine siku ile ile. Hakubishana bei. Jambo moja tu aliomba, sahani zisipelekwe kuuzwa Migori. "Mwembamba," mzee akasema. "Na akiongea hivi anafanya hivi." Akaziba mdomo wake kwa mkono wa kushoto.

Sikumbuki nilinunua nini kwa mama siku hiyo. Nakumbuka nilimwosha miguu, naye akaniuliza kwa nini nasaga meno.

Nilirudi Migori jioni na sikuingia kwangu. Niliingia kwa jirani bila kubisha hodi. Alikuwa ameketi sakafuni akichambua omena kwenye ungo, wanawe wawili wakifanya kazi ya shule juu ya kreti. Chumba kilikuwa kitupu. Nilishawahi kuingia mle mara nyingi, lakini siku hiyo ndiyo niliona kwamba hakuna kiti, hakuna meza, hakuna kitanda nyuma ya pazia, pazia lenyewe halikuwepo. Alinitazama usoni akawaambia watoto watoke nje.

"Ulienda Rodi," akasema.

"Nilienda Rodi."

Akaweka ungo chini. Hakukana. Ningependa angekana, ningejua la kufanya. Alisimulia akiwa ameziba mdomo, ikabidi nisogee ili nimsikie. Baada ya mazishi shemeji zake walikuja na mkokoteni wakachukua kitanda, redio, baiskeli, meza, viti, hata rafu ya vyombo, wakisema ni mali ya ndugu yao. Walipoivuta ile rafu, ndipo alipoziona sahani nane za kikundi zimeanguka nyuma ya mtungi. Alizificha chini ya nguo ili nazo zisichukuliwe. Alisema atarudisha kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na maneno ya wizi yakawa yameshasemwa, akaona haya kuzitoa. Kisha mtoto mdogo akaugua kifua, naye akaziuza apate pesa ya dawa.

"Si ungeniambia?" nikasema. "Tunatenganishwa na ukuta!"

"Ningekuambia mara ngapi? Uji wa asubuhi nilikuambia. Mafuta ya taa nilikuambia."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini hasira haikutoka. Nikamwambia aende mwenyewe kwa kikundi akaseme. Watamsamehe, nikasema, ni wanawake, wana watoto. Akacheka kidogo bila furaha.

"Wewe umekaa nao. Unawajua. Watalia na mimi, halafu wataniondoa." Ndipo akashusha mkono, na kwa mara ya kwanza nikaona pengo lake wazi. "Mwalimu, wewe unataka kikundi kwa ajili ya mama yako. Mimi nakitaka kwa ajili yangu."

Nilimwangalia shingo, viganja, vifundo vya mikono. Nilikuwa nimeuona wembamba ule kila siku nikauita huzuni. Mume wake alikufa kwa ule ugonjwa usiotajwa. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkoba wa sokoni. Nilitoka. Mlangoni nikamwambia, "Sitakutaja." Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha.

Mkutano ulikuwa nyumbani kwa mama mwenyekiti. Nilikuwa nimejipanga: nitasema mzee amehama soko, sikumpata, na nitalipa sahani zote nane, wanipige faini wanavyotaka, niinamishe kichwa. Kuinamisha kichwa si kazi yangu, lakini nilijizoesha njia nzima. Jirani alikuwa ameshafika, ameketi karibu na mlango na leso ya kikundi, sare yetu sote, imefungwa vizuri kichwani. Hatukutazamana.

Nikasimama nikasema sikumpata mzee. Nikasema nitalipa. Mama mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na nilimwona anataka yaishe. Yangeisha. Lakini mwanamke mmoja nyuma, mama mmoja mwenye kibanda cha mboga ambaye hatukuwahi kupatana, akasema kwa kicheko cha puani, "Si angesema tu sahani zilienda kwa mama yake. Mgonjwa naye lazima ale kwa sahani nzuri."

Nikasikia kama mtu amenimwagia maji ya moto. Mama yangu, ambaye alikuwa hawezi tena hata kushika kijiko. Mama yangu, ambaye alinifundisha kurudisha sindano ya kuazima.

Sikutaja jina. Nilinyoosha kidole. Nilikinyoosha kuelekea mlangoni na nikasema, "Muulizeni huyo! Muulizeni huyo aliyeuza Rodi, mimi nimechoka kubeba mzigo wake!"

Vichwa vyote vikageuka. Jirani yangu aliinua mkono kuziba mdomo, halafu akaushusha mapajani. "Ni kweli," akasema. Hakusema shemeji, hakusema rafu, hakusema kifua cha mtoto. Mimi nilijua yote hayo, na nilikuwa nimesimama, na mdomo wangu ulikuwa wazi bado, na sikuyasema. Nilikuwa na hasira na pia, Mungu wangu, nafuu. Wakamwuliza kama ana la kuongeza. Akafungua leso ya kikundi kichwani, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti, akatoka.

Wengine walilia, kama alivyosema. Kisha wakamfuta. Mama mwenyekiti akanishika mikono miwili akaniomba radhi mbele ya wote, na mama wa mboga akalazimishwa kuniomba radhi pia. Nilizirudisha sahani sita siku iliyofuata. Kwangu sikuzihitaji tena. Nilijaribu kwenda upande wa pili wa ukuta, nilijaribu mara mbili, nikiwa na unga mara ya kwanza na sukari mara ya pili. Watoto walipokea wakasema asante mwalimu. Yeye hakutoka. Kabla ya mwezi kwisha alihama, nikasikia amepata chumba upande wa Uriri.

Mama yangu alikufa msimu wa mvua ndefu.

Kikundi kilikuja kizima. Walikuja na sufuria tano na magunia ya sahani, wakaliteka boma letu kutoka alfajiri, moshi ukapanda, watu wa kijiji wakashangaa wanawake hawa wa Migori wanaoimba kwa Kiswahili na kukata vitunguu kwa kasi namna ile. Hakuna aliyekaa na njaa. Shangazi zangu walinong'ona kwamba marehemu ana bahati ya mtoto. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata, na nilikaa kando ya jeneza nikikiangalia.

Mchana nilipelekwa nyuma ya jikoni ninawe uso. Pale pa kuoshea vyombo, amechuchumaa mbele ya makarai mawili, alikuwa yeye. Mikono imekuwa vijiti. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha kawaida. Alikuwa amekuja peke yake, na kutoka barabarani mpaka kwetu ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye afya, sembuse mgonjwa. Wanawake wa kikundi walimpita wakimwachia sahani chafu bila kumsemesha. Hawakumfukuza, na hawakumpa chai.

"Nimekuja kwa mama," akasema, mkono ukiwa mdomoni, povu likimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Pole."

Nikasema asante. Nilitaka kumwinua, nimketishe kivulini, nimpe chakula kwa mkono wangu. Nikaitwa, mchungaji amefika. Nikaenda.

Tulizika. Watu wakala mara ya pili, wakaanza kuondoka. Jua lilikuwa bado liko juu ya kilima alipokuja mbele ya nyumba, na wanawake wawili wa kijijini nyuma yake wakimsaidia kubeba, akapanga sahani zote za kikundi juu ya mkeka mbele yangu, zimekauka, zimefutwa, kumi kumi. Aliinama taratibu, akaweka rundo la mwisho. Mama mwenyekiti na wenzake walikuwa wanafunga magunia hatua chache kutoka hapo, wakaacha kufunga wakatuangalia.

"Mwalimu," akasema, "zihesabu nikiwa hapa. Ndiyo niende."

Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kumshika mkono nikasema nakuamini, kila mtu akasikia. Nilikuwa na sauti, kila mtu anajua nina sauti. Niliwatazama wenye kikundi, nikamtazama yeye akisubiri amesimama wima.

Nikapiga magoti kwenye mkeka. Nikahesabu sahani zote, moja moja, kwa sauti. Zilitimia.